Kutoka Tetemeko la Mwili hadi Jina la Adui: Asili na Mabadiliko ya Maana ya Neno la Kiingereza 'Terror'

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii inabeba ukweli wa kinafsia na wa kiisimu kwa pamoja: hofu haihitaji kitu chenyewe, hutosheka na ishara yake. Neno ni ishara mojawapo. Yako maneno ambayo yakitamkwa bungeni, mahakamani au katika taarifa ya habari, wasikilizaji hushtuka kabla ya kuuliza yana maana gani. Neno la Kiingereza 'terror', pamoja na chipukizi lake 'terrorism' ambalo Kiswahili hulifasiri kuwa 'ugaidi', ni miongoni mwa maneno hayo.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza asili ya neno hilo na mabadiliko ya maana lililoyapitia, kisha kuonyesha jinsi Kiswahili kilivyolipokea. Hoja inayotetewa ni kwamba neno hili lilianza kwa kutaja kinachompata anayeogopa, likaendelea kutaja anachokifanya anayetisha, na hatimaye likawa jina la mtu, jina ambalo aghalabu hutolewa na adui yake. Kiswahili kililikuta neno hili likiwa katika hatua hiyo ya mwisho. Ndiyo maana hofu, ambayo ndiyo kiini cha neno la Kiingereza, haimo kabisa katika muundo wa neno 'ugaidi'. Jambo hili lina uzito kwa mwanafunzi wa semantiki, kwa mfasiri, na zaidi ya wote kwa mkalimani wa mahakama.

Asili ya Neno

Wanaisimu-historia wanaolinganisha lugha za jamii ya Kihindi-Kiulaya wameunda upya mzizi *tres-, wenye maana ya kutetemeka. Alama ya nyota inaonyesha kwamba mzizi huo haujapatikana katika maandishi yoyote. Umekisiwa kutokana na ushahidi wa lugha zilizozaliwa nao. Katika Kisanskriti, kitenzi 'trasati' kina maana ya kutetemeka au kuogopa. Katika Kigiriki cha kale, 'trein' ni kukimbia kwa hofu. Katika Kilatini, 'terrere' ni kumtia mtu hofu, na kutokana nacho ikapatikana nomino 'terror'.

Tofauti iliyopo baina ya lugha hizo ni muhimu. Kisanskriti na Kigiriki vinamtaja anayetetemeka au anayekimbia. Kilatini kinamtaja anayesababisha mwingine atetemeke. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa mofolojia ya lugha yake inamwonyesha jambo hilo kila siku: anayetetemeka si anayetetemesha, na anayeogopa si anayeogofya. Hata hivyo, nomino ya Kilatini haikuzingatia mpaka huo. 'Terror' iliweza kumaanisha hofu iliyomo moyoni, na iliweza pia kumaanisha kitu kinachoileta. Utata huu mdogo wa awali ndio mbegu ya yote yaliyofuata.

Ni vyema pia kuondoa dhana moja potovu. Baadhi ya wasomaji huhusisha neno hili na 'terra', neno la Kilatini lenye maana ya ardhi, kwa sababu ya kufanana kwa umbo. Dhana hii ni kongwe. Mwanasheria wa Kirumi Pomponius, aliyeishi katika karne ya 2, alitaja maoni ya watu waliodai kwamba 'territorium', yaani eneo la mji, liliitwa hivyo kwa kuwa hakimu wa mahali hapo alikuwa na haki ya kuwatisha na kuwafukuza watu ndani ya mipaka yake. Etimolojia hiyo haikubaliki leo, kwani neno hilo linatokana na 'terra'. Lakini ni kosa lenye mafunzo: tangu zama hizo, wapo waliohisi kwamba mamlaka na kutisha ni mambo yanayokaa nyumba moja.

Kiingereza kilipata neno hili kupitia Kifaransa na Kilatini. Uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066 ulikifanya Kifaransa kuwa lugha ya watawala nchini Uingereza, na katika karne zilizofuata maneno mengi ya sheria, dini na utawala yakahamia katika Kiingereza. Kufikia mwisho wa karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 15, neno hili lilikuwa likiandikwa katika Kiingereza.

Wenyeji hawakuwa wamekosa neno la hofu. Walikuwa nalo 'fear', ambalo historia yake inastahili kuwekwa kando ya hii kwa ulinganisho. Katika Kiingereza cha kale, umbo la awali la 'fear' halikutaja hisia bali janga au hatari inayotokea ghafla. Kijerumani kimehifadhi maana iliyo jirani na hiyo katika neno lake 'Gefahr', yaani hatari. Kwa hivyo 'fear' lilisafiri kutoka nje kuingia ndani: kutoka hatari iliyoko njiani hadi hisia iliyoko moyoni. 'Terror' lilisafiri kinyume chake. Lilianzia katika mwili unaotetemeka, likatoka nje kwenda kumtafuta mwenye kuutetemesha.

Ndugu Waliotengana

Mzizi huo mmoja uliacha ukoo mkubwa katika Kiingereza. 'Terrible' lilikuwa na maana ya kitu cha kutia hofu. Leo mara nyingi lina maana ya kitu kibaya tu, kama vile chakula kisicho na ladha au mchezo uliochezwa ovyo. 'Deter' ni kumtisha mtu hadi aache alilokusudia, na katika sheria ya jinai ndiyo hoja ya wanaosema kwamba adhabu kali huzuia uhalifu.

Ndugu wa ajabu zaidi ni 'terrific'. John Milton alilitumia katika utenzi wake Paradise Lost, uliochapishwa mwaka 1667, akiwa na maana ya kitu cha kuogofya. Kufikia karne ya 19 neno hilo lilikuwa likitumika kwa maana ya kitu kikubwa kupita kiasi, hata kama hakiogopwi na mtu. Kabla ya karne hiyo kwisha, lilianza kutumika kwa maana ya kitu kizuri mno. Leo Mwingereza anayekiita chakula 'terrific' anamsifu mpishi. Hapa pana michakato miwili ya semantiki. Wa kwanza ni ufifiaji wa maana, ambapo hofu inachujika na kuacha ukubwa peke yake. Wa pili ni uboreshaji wa maana, ambapo ukubwa huo unageuka kuwa sifa njema.

Asidhani mtu kwamba huu ni upekee wa Kiingereza. Msikilize kijana wa Nairobi au wa Dar es Salaam akimsifu mwanamuziki: atasema kwamba 'ni hatari', 'ni balaa' au 'ni noma'. Mtangazaji wa kandanda atasifu 'bao la kutisha'. Mtu akipendezwa sana na kitu huweza kusema anakipenda 'vibaya sana'. Katika mifano yote hii, neno la hofu, la maafa au la ubaya limepoteza sumu yake na kubaki na nguvu tu, na nguvu hiyo ikatumiwa kusifu. Wanaolalamika kwamba vijana wanaiharibu lugha hawana budi kukumbuka kwamba Kiingereza kilipitia njia hiyo hiyo, na hakikufa.

Swali linalozuka ni hili: ikiwa 'terrible' na 'terrific' zimefifia, mbona 'terror' halikufifia? Jibu haliko katika fonolojia wala mofolojia ya neno. Liko katika historia ya siasa.

Hofu kama Chombo cha Dola

Miaka minne baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, taifa hilo lilikuwa vitani dhidi ya majirani zake na dhidi ya waasi wa ndani. Mnamo Septemba 1793, sauti zilisikika katika bunge la mapinduzi zikitaka hofu iwe utaratibu wa kazi. Mwezi huo huo ikapitishwa Sheria ya Washukiwa, iliyowezesha watu kukamatwa kwa misingi mipana mno. Katika hotuba yake ya Februari 1794, Maximilien Robespierre alitetea hofu kama haki ya haraka na kali isiyopinda, akaihusisha na uadilifu wenyewe. Takriban watu 17,000 walihukumiwa kifo na kuuawa katika kipindi hicho, wengi wao kwa gilotini.

Robespierre mwenyewe aliuawa kwa gilotini tarehe 28 Julai 1794. Waliomwangusha walihitaji jina la utawala waliouangusha, na wafuasi wake walihitaji kupewa jina. Hapo ndipo yalipochipuka katika Kifaransa maneno mawili mapya yaliyotokana na nomino ya zamani: 'terrorisme' na 'terroriste'. Mwaka 1798, nyongeza ya kamusi ya Chuo cha Ufaransa ilifafanua la kwanza kuwa ni mfumo au utawala wa hofu. Kiingereza kiliyapokea bila kuchelewa. Mwaka 1795 Edmund Burke, mwanasiasa na mwandishi, aliwaita kwa jina hilo watumishi wa utawala ulioanguka, akiwafananisha na mbwa wa kuzimu.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, katika matumizi yake ya awali, neno hili lilitaja matendo ya serikali dhidi ya raia, si ya raia dhidi ya serikali. Pili, lilizaliwa kama lawama. Jina lilitolewa na washindi kwa walioshindwa, na sifa hiyo haikulitoka tena.

Inafaa kuongeza kwamba nomino yenyewe haikuwa aibu kila mahali. Mwaka 1813 Uingereza ilishusha majini meli ya kivita ya kurusha makombora, ikaipa jina HMS Terror. Dola lililotaka kuogopwa na maadui zake halikuona haya kuandika hofu ubavuni mwa meli yake. Kutisha kulikuwa sifa kwa anayetisha akiwa na bendera. Kulikuwa uovu kwa asiyekuwa nayo.

Jina Linapohamia kwa Adui

Katika karne ya 19 mwelekeo wa neno uligeuka. Nchini Urusi, kundi la Narodnaya Volya, lililoundwa mwaka 1879, lilichagua mauaji ya viongozi kuwa mbinu ya kuuangusha utawala wa mfalme, na mwaka 1881 likamuua Tsar Alexander II. Wanachama wake waliandika waziwazi kuhusu hofu kama mbinu yao. Mtendaji sasa alikuwa raia na mtendewa alikuwa dola. Maana ya mwanzo haikufa, kwani bado wanahistoria huzungumzia utawala wa hofu, lakini ilisukumwa pembeni.

Kuanzia hapo neno likawa mikononi mwa serikali, na historia ya Kenya inatoa mfano ulio wazi. Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini, ambayo haikuondolewa hadi Januari 1960. Katika hati rasmi za kikoloni na katika magazeti ya Uingereza, wapiganaji wa Mau Mau waliitwa kwa jina hilo la 'terrorists'. Ni kweli kwamba waliua, na kwamba waliouawa walikuwemo Waafrika wenzao na hata watoto. Lakini serikali iliyowaita hivyo iliwanyonga zaidi ya watu 1,000, ikawafungia maelfu kwa maelfu kambini, na ndani ya kambi hizo mateso yalitendeka. Kwa kigezo cha mzizi *tres-, kitanzi nacho kinatetemesha. Hata hivyo jina halikwenda huko.

Miaka ilipopita, jina lilianza kuvuka mto na kurudi. Dedan Kimathi, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, alisimamishiwa sanamu katikati ya jiji la Nairobi mwaka 2007. Marufuku dhidi ya Mau Mau ilikuwa imeondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mnamo Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, ikaeleza masikitiko yake, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Huko Afrika Kusini, Nelson Mandela alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1993, ilhali vikwazo vilivyotokana na jina hilo dhidi yake na chama chake katika sheria za Marekani havikuondolewa hadi mwaka 2008.

Ni kwa sababu ya historia hii kwamba mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliotiwa saini Algiers mwaka 1999 ulitenga mapambano ya watu ya kujikomboa, usiyahesabu kuwa ugaidi. Ni kwa sababu hiyo pia kwamba Umoja wa Mataifa, licha ya mazungumzo ya miaka mingi, haujakubaliana juu ya mkataba mmoja mpana wenye fasili moja.

Isidhaniwe kwamba neno lenye historia ya namna hii ni maneno matupu. Bomu la tarehe 7 Agosti 1998 liliwaua zaidi ya watu 200 jijini Nairobi. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015 liliwaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa na ndoto sawa na za wasomaji wa jarida hili. Matendo kama hayo yanahitaji jina, na jina kali. Kinachosisitizwa ni kwamba kadiri jina linavyokuwa kali, ndivyo anavyopaswa kuwa mwangalifu anayelitumia.

Ugaidi: Neno Lisilo na Hofu Ndani Yake

Kiswahili kilikuwa na hazina tele ya kutafsiria neno hili. Kina 'hofu', lenye asili ya Kiarabu. Kina 'woga', 'kitisho', 'kiwewe' na 'fadhaa'. Kina 'kicho', ambacho ni hofu iliyochanganyika na heshima, na kinachosikika katika 'mcha Mungu'. Lau kingefuata muundo wa Kiingereza, kingeweza kuunda neno kama 'utishaji'. Kiarabu kilifuata njia hiyo: 'irhab', neno lake la dhana hii, linatokana na mzizi wa r-h-b, wenye maana ya kuogopa. Mzizi huo huo umeleta katika Kiswahili neno 'rahibu', yaani mtawa, mtu aliyejitenga na dunia kwa kumcha Mungu. Mzizi mmoja, matunda mawili: mmoja anaogopa, mwingine anaogofya.

Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kilichukua neno 'gaidi', lililokuwa jirani wa 'haramia', 'jambazi' na 'mnyang'anyi', likimtaja mtu anayewavamia wenzake na kuwapora. Kikalitia kiambishi u- cha dhahania, likapatikana 'ugaidi', sawa na 'ujambazi' na 'uharamia'. Mfuatano wa uundaji basi ni kinyume cha ule wa Kiingereza. Kiingereza kinaanza na hofu, kinapata mfumo wa kuitumia, kisha kinampata mtu anayeufuata. Kiswahili kinaanza na mtu, kisha kinapata tendo lake. Kiingereza kinauliza ni hofu gani iliyokusudiwa. Kiswahili kinauliza huyu ni nani.

Je, hili ni kosa la tafsiri? La hasha. Anayeshikilia kwamba maana ya kweli ya neno ni ile ya mzizi wake amesahau somo la 'terrific'. Maana hukaa katika matumizi, na kila Mswahili wa leo anajua kwamba ugaidi si uporaji wa njiani. Lakini muundo wa neno huelekeza fikira, na kuna mahali ambapo mwelekeo huo unaweza kumgharimu mtu uhuru wake.

Mahali hapo ni mahakamani. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Kenya ya mwaka 2012 haitosheki na tendo la kudhuru peke yake. Inataka pia tendo hilo, au tishio lake, liwe na lengo: kuutia hofu umma au sehemu yake, kuishurutisha serikali au shirika la kimataifa litende au lisitende jambo, au kuyumbisha taasisi za nchi. Hofu imetajwa waziwazi katika fasili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Mkalimani akimwambia mshtakiwa kwamba anatuhumiwa kwa 'ugaidi' na kuishia hapo, amempa jina bila shtaka. Mshtakiwa amesikia kwamba yeye ni mtu wa aina fulani. Hajasikia ni lengo gani analodaiwa kuwa nalo, na kwa hivyo hajui ni lipi analopaswa kulikanusha. Mkalimani mwaminifu hana budi kulifungua neno: unadaiwa kutenda jambo hili, kwa nia ya kuwatia watu hofu.

Hatari hiyo haikomei mahakamani. Neno lililojengwa juu ya mtu ni rahisi kubandikwa mtu. Msemaji anayemwita jirani yake gaidi kwa sababu ya mavazi, dini au lafudhi yake hajataja tendo lolote wala kulithibitisha. Ametumia kitambulisho, si maelezo. Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba neno hili limewahi kubandikwa watu ambao baadaye walijengewa sanamu.

Hitimisho

Safari ya 'terror' inathibitisha mambo matatu. Kwanza, maneno ya mzizi mmoja yanaweza kutengana kabisa, moja likawa sifa ya chakula na jingine shtaka mahakamani. Pili, mabadiliko ya maana hayaelezwi na lugha peke yake. Bunge la Paris na misitu ya Nyandarua vina nafasi katika etimolojia kama zilivyo irabu na konsonanti. Tatu, lugha pokezi haipokei historia yote ya neno, hupokea hatua iliyolikuta. Mtaalamu wa Kiswahili anayelifasiri neno hili anapaswa kujua kile ambacho lugha yake haikukipokea, ili akirudishe kwa maelezo pale kinapohitajika. Hofu iliyoachwa nje ya neno isiachwe nje ya haki.

Maswali ya Mjadala

1. Kwa kutumia mifano ya 'hatari', 'balaa' na 'vibaya', eleza tofauti kati ya ufifiaji wa maana na uboreshaji wa maana katika Kiswahili cha leo.

2. Linganisha uundaji wa maneno 'ugaidi', 'uharamia' na 'utishaji'. Je, lipi linamtaja mtendaji, na lipi linataja tendo?

3. Andaa maelezo ya aya moja, kwa Kiswahili chepesi, ambayo mkalimani anaweza kumsomea mshtakiwa ili aelewe vipengele vya shtaka la ugaidi.